Mwezi Mmoja na Miezi Kumi na Mmoja: Uhakiki wa Fani na Maudhui ya Mwezi wa Historia ya Weusi nchini Marekani

Ikisiri

Makala hii inahakiki Mwezi wa Historia ya Weusi nchini Marekani kwa nia ya kujibu swali moja: je, historia ya jamii iliyomo ndani ya taifa inastahili kutengewa mwezi wake? Mjadala wa swali hili umezoea kugawanyika pande mbili: wanaoutetea mwezi huo kama haki na wanaoupinga kama ubaguzi uliovaa vazi jingine. Makala inaonesha kwamba pande zote mbili huuhakiki mwezi peke yake, kana kwamba hauna uhusiano na miezi mingine kumi na mmoja. Kwa kurejelea kusudi la mwasisi wake, Carter G. Woodson, na kwa kuusoma mwezi huo kama matini yenye fani na maudhui, makala inadai kwamba kipindi cha kumbukumbu ni msimu wa mavuno, na mavuno hupimwa kwa kilimo kilichotangulia. Mwishoni hoja hii inahusishwa na Kiswahili, lugha ambayo sasa nayo imetengewa siku yake.

Maneno ya msingi: kumbukumbu ya pamoja, fani, maudhui, usimulizi, Mwezi wa Historia ya Weusi, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kila mwaka ifikapo Februari, shule, maktaba, vituo vya televisheni na ofisi za serikali nchini Marekani huadhimisha historia ya Wamarekani Weusi. Picha hubandikwa ukutani, hotuba husomwa, watoto huigiza maisha ya mashujaa. Ifikapo Machi picha hubanduliwa. Hali hii imezua swali ambalo limeulizwa na watu wa misimamo inayokinzana kabisa: kwa nini historia ya watu waliolijenga taifa kwa zaidi ya karne tatu ipewe mwezi mmoja, tena ulio mfupi kuliko yote?

Swali hilo halihusu Wamarekani Weusi peke yao. Mwaka 1968 Bunge la Marekani liliidhinisha wiki ya urithi wa watu wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania. Mwaka 1988 wiki hiyo ikawa mwezi, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Oktoba. Watu wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki walipewa Mei, na wenyeji wa asili wa bara hilo wakapewa Novemba. Hivyo basi, kalenda ya Marekani imekuwa kama shamba lililogawanywa vipande, kila jamii na kipande chake. Kinachojadiliwa hapa ni iwapo mgawanyo huo unaitendea haki historia.

Makala hii inatumia mhimili wa kinadharia wa Maurice Halbwachs, mwanasosholojia wa Ufaransa aliyechapisha mwaka 1925 kazi yake juu ya misingi ya kijamii ya kumbukumbu. Halbwachs anadai kwamba mtu hakumbuki akiwa peke yake. Hukumbuka ndani ya vikundi vinavyompatia mfumo wa kukumbukia. Kutokana na dai hilo, mwezi wa kumbukumbu si chombo kitupu kinachopokea chochote kitiwacho. Ni mfumo, nao huamua nini kikumbukwe na kwa umbo gani. Kwa sababu hiyo mhakiki wa fasihi ana la kusema hapa: palipo na umbo linaloamua maana, pana fani na maudhui.

2.0 Usuli: Kutoka Wiki Hadi Mwezi

Carter G. Woodson alizaliwa Virginia mwaka 1875, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe kabla ya kujiendeleza kimasomo, na mwaka 1912 alipata shahada ya uzamivu ya historia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1915 alishiriki kuanzisha huko Chicago chama cha utafiti wa maisha na historia ya Weusi, na mwaka uliofuata akaanzisha jarida la kitaaluma la chama hicho. Mfuatano huu una uzito kwa hoja yetu. Chama na jarida vilitangulia. Wiki ya maadhimisho ilikuja baadaye, Februari 1926, chama kikiwa na umri wa zaidi ya miaka 10. Woodson alianza na utafiti, akaishia na sherehe.

Aidha, wiki yenyewe haikubuniwa kutoka hewani. Woodson alichagua wiki ya pili ya Februari kwa sababu ilikuwa na siku mbili ambazo jamii za Weusi zilikuwa tayari zinaziadhimisha: 12 Februari, siku ya kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, na 14 Februari, siku ambayo Frederick Douglass aliichukua kuwa siku yake ya kuzaliwa. Douglass alizaliwa mtumwa Maryland, na kama watumwa wengi hakujua tarehe aliyozaliwa, alijichagulia mwenyewe. Kwa hiyo mojawapo ya nguzo mbili za maadhimisho haya ni tarehe ambayo haikuandikwa na yeyote, ikajazwa na mwenyewe baada ya kujikomboa. Hakuna maelezo mafupi zaidi ya sababu ya kuwapo kwa wiki hiyo kuliko tarehe hiyo moja.

Kilichofanyika ndani ya wiki hiyo ni muhimu kuliko tarehe zake. Chama kilituma shuleni vifurushi vyenye picha, mipango ya masomo, michezo ya kuigiza na orodha za tarehe muhimu. Mwaka 1937, wakati chama kikiongozwa na mwalimu Mary McLeod Bethune, kilianza kutolewa kijarida mahususi kwa ajili ya walimu. Woodson aliiona wiki kuwa wakati ambapo wanafunzi wangeonesha walichojifunza mwaka mzima, na alizungumzia siku ambayo wiki ingegeuka kuwa mwaka. Vilevile alionya dhidi ya kuwaalika wasemaji wenye maarifa madogo kuliko ya wanafunzi watakaowasikiliza. Onyo hilo linaonesha kwamba ugonjwa tunaoulalamikia leo ulianza kuonekana mapema, na kwamba aliyeuona kwanza ni mwasisi mwenyewe.

Woodson alifariki mwaka 1950. Mwaka 1969 wanafunzi na walimu Weusi wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, walipendekeza wiki iwe mwezi, wakauadhimisha mwaka uliofuata. Mwaka 1976, Marekani ilipokuwa ikitimiza miaka 200 ya uhuru, Rais Gerald Ford aliutambua mwezi huo, na mwaka 1986 Bunge likaupitishia sheria. Katika safari hii ya miaka 60, muda wa maadhimisho uliongezeka mara nne. Swali la kihakiki ni iwapo kilimo kilichotarajiwa kuyazaa mavuno hayo kiliongezeka kwa kiwango hicho.

3.0 Mwezi Kama Matini

3.1 Fani: Shujaa Asiye na Jamii

Tukiusoma mwezi huu kama matini, tunaona kwamba umbo lake linalotawala ni wasifu mfupi wa shujaa. Sababu yake ni ya kivitendo: siku 28, kila siku na sura yake. Mwalimu ana dakika chache. Bango lina nafasi ndogo. Mtoto anatakiwa akumbuke jina moja na tendo moja. Fani hii ina mwanzo, jaribio na ushindi. Kinachopotea ni jamii iliyomzaa shujaa.

Mfano mzuri ni Rosa Parks. Katika simulizi la Februari, Parks ni mshonaji aliyechoka ambaye tarehe 1 Desemba 1955 alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi mjini Montgomery, Alabama, na kukataa kwake kukaibua harakati. Simulizi hili si la uongo, bali limekatwa. Parks alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la chama cha NAACP, na kiangazi cha mwaka huohuo alikuwa amehudhuria mafunzo katika shule ya Highlander, Tennessee, mahali palipofunza wanaharakati. Miezi tisa kabla yake, tarehe 2 Machi 1955, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa katika mji uleule kwa kosa lilelile. Jo Ann Robinson na wenzake wa Baraza la Kisiasa la Wanawake walikuwa wamefikiria kususia mabasi kabla ya Desemba, na ndio waliochapa vipeperushi kwa maelfu usiku uliofuata kukamatwa kwa Parks. Mgomo ulidumu siku 381. Na kesi iliyouvunja ubaguzi katika mabasi ya Montgomery ilikuwa na walalamikaji wanne wanawake, Colvin akiwa mmojawao, Parks hakuwamo.

Tofauti ya masimulizi haya mawili haiko katika wingi wa taarifa pekee. Simulizi la kwanza linamfundisha mtoto kwamba dhuluma huondolewa na mtu mwema anayechoka. La pili linamfundisha kwamba dhuluma huondolewa na watu waliojipanga, wakafunzwa, wakashindwa mara ya kwanza, wakarudia. Hayo ni maudhui mawili tofauti kabisa, na yaliyoyatenganisha ni fani. Ndivyo ilivyo pia kwa Martin Luther King, ambaye Februari humkumbuka kwa hotuba ya Washington ya Agosti 1963. Hotuba yake ya 4 Aprili 1967 katika Kanisa la Riverside, New York, aliyoipinga vita ya Vietnam, na safari yake ya Memphis mwaka 1968 kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma, safari aliyouawa ndani yake, hazikai vizuri katika umbo la bango.

3.2 Maudhui: Matukio Yasiyo na Shujaa

Fani ya shujaa ina athari ya pili: huyaacha nje matukio ambayo hayana mshindi lakini yana mkosaji. Kuanzia 31 Mei hadi 1 Juni 1921, umati wa wazungu uliuteketeza mtaa wa Greenwood mjini Tulsa, Oklahoma, uliokuwa na biashara, makanisa na makazi ya Weusi. Nyumba zaidi ya 1,000 zilichomwa, na idadi ya waliouawa inakadiriwa kufikia 300. Kwa miongo mingi tukio hilo halikufundishwa katika shule za jimbo hilohilo. Tume rasmi ya kulichunguza iliundwa mwaka 1997 na kutoa ripoti yake mwaka 2001. Katika mwaka huo wa 1997, Mwezi wa Historia ya Weusi ulikuwa umekwisha kutambuliwa kitaifa kwa zaidi ya miaka 20.

Hatusemi kwamba mwezi ndio ulioificha Tulsa. Tunasema kwamba mwezi uliweza kuadhimishwa kwa miaka yote hiyo bila kuigusa Tulsa, na hakuna aliyeona pengo. Sherehe hupenda kuimba, haipendi kushtaki. Mhakiki anayeridhika kuhesabu majina yanayotajwa Februari atautoa mwezi huu ukiwa na afya njema. Anayeuliza ni matukio gani hayatajwi kamwe atakuta utapiamlo.

3.3 Lugha: Baina ya 'ya' na 'katika'

Woodson mwenyewe alilisisitiza jambo moja ambalo Kiswahili kinatusaidia kuliona vizuri. Alitaka mkazo uwe juu ya nafasi ya Weusi katika historia, si juu ya historia ya Weusi iliyosimama pembeni. Katika Kiswahili tofauti hii inabebwa na maneno mawili madogo. A-unganifu katika 'historia ya Weusi' inaweza kusomwa kwa namna mbili: historia inayowahusu, au historia wanayoimiliki. Usomaji wa pili ndio wenye hatari. Kinachomilikiwa na mtu chaweza kuambiwa kimfuate mwenyewe. Mtu mwingine anaweza kukitazama kwa adabu, kama atazamavyo mali ya jirani, bila kuona kwamba kinamhusu. 'Katika' ni neno la mahali. Halimwulizi mtu anamiliki nini, linauliza yuko wapi. Ukisema Weusi wako katika historia ya Marekani, huwezi kuwatoa bila kuibomoa nyumba nzima: pamba iliyovishwa viwanda vya Uingereza, katiba iliyohesabu mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu, vita ya 1861 hadi 1865, sheria za kura.

Kwa mantiki hiyo, jina la mwezi linabeba ndani yake mgogoro wa mwezi. Mwasisi alitaka 'katika'. Jina likabaki na 'ya'. Na kadiri miaka ilivyopita, utekelezaji ukalifuata jina badala ya kumfuata mwasisi.

4.0 Hoja za Wanaoupinga

Pingamizi linalojulikana zaidi ni la mwigizaji Morgan Freeman. Katika mahojiano ya televisheni na Mike Wallace mwaka 2005, Freeman aliukejeli mwezi huu, akahoji iwapo historia yake inaweza kupunguzwa hadi mwezi mmoja, akamwuliza mhoji ni mwezi gani uliotengwa kwa historia ya wazungu, na akasisitiza kwamba historia ya Weusi ndiyo historia ya Marekani. Ni pingamizi lenye heshima, kwani linatoka ndani ya jamii inayohusika na linaafikiana na 'katika' ya Woodson.

Hata hivyo pingamizi hili lina udhaifu wa kimantiki. Kutoka katika kauli kwamba historia ya Weusi ni historia ya Marekani, Freeman anahitimisha kwamba mwezi hauhitajiki. Lakini kauli hiyo inaeleza jinsi mambo yanavyopaswa kuwa, si jinsi yalivyo. Wazungu hawana mwezi kwa sababu hawajawahi kuuhitaji. Mtaala wa mwaka mzima uliandikwa ukiwa nao katikati. Kuuondoa mwezi kabla mtaala haujabadilika hakuiingizi historia ya Weusi ndani ya historia ya taifa. Kunaiondoa tu mahali pekee ilipokuwa na uhakika wa kutajwa.

Pingamizi la pili linadai kwamba miezi ya jamii mbalimbali huligawa taifa. Dai hili linaanzia mahali pasipofaa, kwani linachukulia kwamba kabla ya miezi hiyo taifa lilikuwa moja. Mwaka 1926 Woodson alipoanzisha wiki yake, watoto Weusi wa majimbo ya kusini walikuwa wakisoma katika shule zilizotengwa kwa sheria. Mgawanyiko ulitangulia maadhimisho. Maadhimisho yalikuwa jibu. Pamoja na hayo, pingamizi hili lina chembe ya ukweli ambayo watetezi wa mwezi huikimbia: kipande cha kalenda kinaweza kumridhisha mgawaji. Aliyekwisha kutoa Februari huweza kujiona amelipa deni.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Historia inayokuja kila Februari na kuondoka kila Machi haijawahi kupewa jembe. Hukaribishwa kwa heshima, hukalishwa mkekani, hupigiwa makofi, kisha husindikizwa. Tatizo la ukarimu wa namna hii ni kwamba mwenye nyumba haambiwi kuwa mgeni ameijenga nyumba.

5.0 Hoja za Utetezi na Mipaka Yake

Watetezi wa mwezi kwa kawaida husema kwamba bila huo watoto wasingesikia chochote. Hoja hii ina ukweli, lakini imewekwa kwa kiwango cha chini mno, kwani kitu chochote ni bora kuliko utupu. Ipo hoja ya utetezi iliyo imara zaidi, nayo imedhihirishwa na matukio ya karibuni.

Tarehe 31 Januari 2025, mkesha wa Februari, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo uliokataza matumizi ya rasilimali na saa za kazi kwa ajili ya kuadhimisha miezi ya utambulisho, ukiwamo Mwezi wa Historia ya Weusi. Wakati huohuo rais alitoa tamko la kawaida la kuutambua mwezi huo kitaifa. Mwezi ukawa umetangazwa na umekatazwa ndani ya serikali moja. Matukio haya yanatufunza mambo mawili. Kwanza, kilichowekwa pembeni ya kazi huondolewa kwa urahisi. Mwongozo mfupi ulitosha. Pili, kuondolewa kwake kulionekana. Magazeti yaliandika, watu wakabishana.

Jambo hili la pili ndilo tunaloliona kuwa utetezi halisi. Somo likiondolewa kimyakimya katika wiki ya kumi ya muhula, hakuna anayejua isipokuwa mwalimu. Februari ikiondolewa, kila mtu anajua. Mwezi, hata ukiwa mtupu, ni kigingi kinachoonesha mpaka wa shamba. Kigingi hakizai mahindi, lakini aliyeking'oa hawezi kusema hakukiona.

Kigingi hata hivyo hakitoshi, na jimbo la Florida ni ushahidi. Tangu mwaka 1994 sheria ya jimbo hilo inazitaka shule zifundishe historia ya Wamarekani Weusi. Januari 2023 mamlaka za elimu za jimbo hilohilo zilikataa somo jipya la ngazi ya juu la taaluma za Wamarekani Weusi lililokuwa katika majaribio, na Julai mwaka huo zikapitisha viwango vya ufundishaji vilivyozua mabishano makali kwa kutaja kwamba watumwa walijipatia stadi ambazo wakati mwingine ziliweza kuwafaidi. Sheria ipo, mwezi upo, na bado maudhui yamekuwa uwanja wa vita. Kwa upande mwingine, wilaya ya shule ya Philadelphia iliamua mwaka 2005 kuifanya historia ya Wamarekani Weusi kuwa sharti la kuhitimu sekondari. Uamuzi huo haukuhitaji Februari mpya. Ulihitaji walimu, vitabu na mtihani.

6.0 Kipimo cha Miezi Kumi na Mmoja

Kutokana na uhakiki huu, tunapendekeza kwamba mwezi wowote wa kumbukumbu ya jamii upimwe kwa maswali matatu, yote yakihusu kilicho nje yake.

Swali la kwanza ni la kilimo: je, mwezi unaonesha kazi iliyofanyika mwaka mzima, au ndio kazi yenyewe? Wiki ya Woodson ilikuwa na jarida, vitabu, watafiti na walimu nyuma yake. Mwezi usio na vitu hivyo ni mavuno ya shamba ambalo halikulimwa. Kitakachoonekana sokoni kimenunuliwa kwingine.

Swali la pili ni la fani: je, umbo la maadhimisho linaruhusu jamii na mkosaji kuonekana, au linaruhusu shujaa peke yake? Palipo na Parks bila Colvin, bila Robinson na bila siku 381 za kutembea kwa miguu, kumbukumbu imekuwa pambo.

Swali la tatu ni la msikilizaji: je, mwezi unawaita wasiokuwa wa jamii hiyo kama wageni au kama warithi? Mtoto wa kizungu wa Tulsa anahitaji kuijua Greenwood kwa sababu ni mji wake, si kwa sababu ya adabu kwa jirani. Hapa ndipo 'ya' inapopaswa kuipisha 'katika'.

Mwezi unaofaulu maswali haya unastahili kuwapo, na hauligawi taifa. Unaofeli yote matatu haufai kufutwa vilevile, kwa sababu ya hoja ya kigingi, unafaa kudaiwa. Tofauti baina ya kufuta na kudai ndiyo iliyokosekana katika mjadala.

7.0 Kiswahili na Siku Yake

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza mjadala huu wa mbali unamhusu nini. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, Kiswahili kimo ndani ya kumbukumbu ya Wamarekani Weusi. Mwaka 1966 Maulana Karenga aliasisi sherehe ya Kwanzaa, inayoadhimishwa kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari, na misingi yake saba inaitwa kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Wahenga wa Wamarekani Weusi walio wengi walitolewa Afrika ya Magharibi na ya Magharibi ya Kati, ambako Kiswahili hakikuwa lugha yao. Lugha hii ilichaguliwa kwa sababu haikuwa mali ya kabila moja. Ndani ya kumbukumbu ya jamii moja, Kiswahili kiliingia kama lugha ya 'katika', na neno kujichagulia linafanya kazi ileile aliyoifanya Douglass alipojipatia siku ya kuzaliwa.

Pili, Kiswahili chenyewe kimetengewa siku. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe inayokumbusha 7 Julai 1954, TANU ilipoanzishwa na Kiswahili kikafanywa chombo cha kupigania uhuru. Maadhimisho ya kwanza yalifanyika 2022. Siku hiyo tunaghani, tunapongezana, tunasikiliza viongozi wakisifu lugha. Siku zinazofuata, mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania anaingia darasani na kukuta masomo yake mengi yakifundishwa kwa Kiingereza.

Sisi tunaoandika tasnifu kwa Kiswahili hatuwezi kuuhakiki mwezi wa wengine kwa ukali na siku yetu kwa upole. Maswali matatu yaliyopendekezwa hapo juu yanatuhusu. Kilimo chetu ni kipi: istilahi, vitabu vya sayansi, tafsiri, tasnifu zinazosomwa baada ya kutetewa? Fani yetu ni ipi: sifa za lugha peke yake, au pia mjadala wa maamuzi yaliyoiacha nje ya mlango wa sekondari? Na tunamwita nani: wapenzi wa Kiswahili, au pia mwalimu wa fizikia?

8.0 Hitimisho

Makala hii ilianza na swali iwapo historia ya jamii iliyomo ndani ya taifa inastahili kutengewa mwezi. Imebainika kwamba swali hilo, likiulizwa hivyo, halijibiki, kwa sababu mwezi hauna thamani ya peke yake. Woodson aliifikiria wiki yake kuwa mavuno. Warithi wake waliyaongeza mavuno mara nne, na katika shule nyingi wakaacha shamba lilime lenyewe. Wanaopinga wanaliona shamba tupu na kupendekeza sherehe ifutwe. Wanaotetea wanaiona sherehe na kusahau shamba. Uhakiki huu unawataka wote watazame Machi. Yanayobaki ubaoni baada ya picha kubanduliwa ndiyo historia ambayo taifa limeikubali kuwa yake. Kwa upande wetu, pa kutazama ni tarehe 8 Julai.